Kathure Lazima Afe

Watu wengi husema wanapenda harufu ya kitabu kipya. Wanakifungua katikati, wanakibandika puani, wanafumba macho. Mimi harufu hiyo ikinifikia naigeuzia uso. Juzi nilikuwa Nkubu na mpwa wangu kumnunulia vitabu vya shule, akafungua kimoja pale pale dukani akanisogezea usoni. "Shangazi, nusa!" Nikarudi nyuma nikamkanyaga mwenye duka. Mtoto akacheka, mwenye duka hakucheka. Njia nzima kurudi Kanyakine alikuwa ananiuliza kwani karatasi imenifanya nini, nami nikamwambia anyamaze ale ndizi yake. Lakini ninyi wa rika langu, mliokua mkibeba majina ya watu wengine, ninyi nitawaambia.

Kwetu mtoto hapewi jina kwa sababu linapendeza masikioni. Jina lina mwenyewe, na mtoto akizaliwa watu huuliza, ni nani amekuja? Mimi niliitwa Kathure kwa sababu mama yake Baba aliitwa Kathure, na tangu siku hiyo yeye na mimi tukawa ntagu, yaani watu wa jina moja, na hilo kwa Wameru si jambo la mzaha. Cucu, bibi yangu huyo, hakuniita mjukuu hata siku moja. Aliniita ntagu. Uji ukiiva, kikombe cha kwanza chake, cha pili changu, wengine wangoje. Baba mwenyewe, mtu mzima na ndevu zake, akirudi kutoka kupeleka maziwa alisimama mlangoni akaniita, "Mama, uko?" Nami nilijibu kama Cucu alivyojibu, kwa sauti ya kukwaruza, "Niko!" Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Jino langu la mbele lilipong'oka, wiki hiyo hiyo Cucu alipelekwa kung'olewa lake. Watu wakasema, "Si mnaona? Hawa ni mtu mmoja." Cucu akajikwaa shambani akavimba kifundo cha mguu, jirani akanikuta njiani akaniuliza, "Na wewe mguu uko aje?" Ulikuwa utani. Wakubwa wakishatania huenda zao kukama ng'ombe. Mimi niliyeachwa na utani huo niliukodolea macho mguu wangu jioni nzima, na haki ya Mungu, uliuma.

Mama alikuwa mshonaji. Alikuwa Mwembu wa Kibugu, kule juu kwenye majani chai karibu na msitu, na kibanda chake kilikuwa Nkubu, nyuma ya soko, mkabala na waliouza viazi. Kwa kuwa Kiembu chake na Kimeru chetu viligongana kila saa, nyumbani tulizoea kuongea Kiswahili, na kwa hilo Tata Karimi, dada mkubwa wa Baba, hakumsamehe. "Hii nyumba imekuwa ofisi ya chifu," alikuwa akisema, akiingia bila kubisha.

Nimesikia waandishi wakiulizwa redioni hadithi zao huzitoa wapi, wakajibu mambo makubwa makubwa. Mama alizitoa kiunoni mwa watu. Mzungushie mwanamke tepu kiunoni, mwambie ashushe pumzi, atashusha na mengine: mume, mashamba, binti aliyekataa shule. Mama naye midomo imejaa pini, hawezi kumkatiza. Mteja akishaondoka, Mama anatema pini mkononi, anachukua karatasi ya kaki, ile ya kukatia vipimo, anaandika kwa kalamu, na kalamu ikikosekana, kwa chaki ya kitambaa. Karatasi hizo alizitundika ukutani kwa pini, zikining'inia pamoja na mikono na kola za watu. Sura isipompendeza aliikata kwa mkasi akaipachika kwingine. Mpaka leo siamini kwamba kitabu huandikwa kuanzia mwanzo.

Kilichokuwa kitabu hasa kilimjia siku Cucu alipopimwa gauni la akina mama wa kanisa. Cucu alisimama juu ya kigoda, mikono ameinyoosha, akaanza kusimulia jinsi alivyovuka mto Thuci akiwa bado mwanamke kijana. Mumewe alikuwa kibarua upande wa Embu, habari ikaja kwamba ni mgonjwa sana. Cucu akamfunga mtoto mgongoni akaenda. Mto ulikuwa umefurika, wanaume wamesimama ukingoni wanatikisa vichwa, yeye akaingia. Mtoto huyo mgongoni alikuwa Tata Karimi. Mama alisahau kupima. Gauni lile lilitoka fupi upande mmoja, na Cucu alilivaa hivyo hivyo kanisani kwa ukaidi.

Mama akamwandika mwanamke wa mtoni, akamwita Kathure. Hakuwaza mara mbili. Alimpenda mama mkwe wake na hakuona sababu ya kumpa sifa zake mtu mwingine. Ukuta ulipojaa, alibandua karatasi akazipeleka saiba, duka la kompyuta, msichana wa pale akazichapa akilalamika kwamba zimejaa matundu ya pini. Mswada ukaenda Nairobi kwa basi, kama vifurushi vya miraa na viatu vya wanafunzi. Mchapishaji wa kwanza hakujibu. Wa pili alijibu kwamba hadithi ni nzuri ila haimo katika mipango yao, na Mama akarudi kwenye cherehani yake. Wa tatu alipiga simu.

Nilikuwa pale, shule zilikuwa zimefungwa. Mama aliibana simu kati ya sikio na bega, mguu ukaendelea kukanyaga cherehani. Halafu mguu ukasimama. Mhariri alikuwa na sauti kubwa, hata mimi niliyekuwa sakafuni naokota vifungo nilimsikia. Kitabu anakitaka. Lakini mwisho, alisema, mwisho umepoa.

"Msomaji amemfuata huyu mwanamke mpaka kwenye maji, Mama. Halafu unamvusha tu, anakausha nguo, basi? Mto lazima uchukue kitu."

"Lakini alivuka," Mama akasema. "Namjua. Asubuhi nimemwacha akichambua maharagwe."

"Huyo wako alivuka. Huyu wa kitabuni hajavuka. Fikiria. Kamati itakaa Jumatatu ya mwisho wa mwezi, na bila sura mpya nitashindwa kukitetea."

Siku nyingi baada ya hapo Mama alikuwa kama mtu aliyemeza pini. Alimkatia mteja suruali ya mguu mmoja mrefu. Aliunguza kola kwa pasi ya makaa, harufu ikajaa kibanda, akabaki ameikodolea macho. Mwishowe, jioni moja tukiwa tumekaa kula, akaweka kijiko chini.

"Nimempigania," akamwambia Baba. "Nimejaribu kila njia. Kathure lazima afe."

Baba alikuwa anatafuna githeri. Akameza. "Asipokufa?"

"Kitabu hakitoki."

"Basi si afe," Baba akasema, akaomba chumvi.

Mimi nilikuwa nimekaa mlangoni na kikombe cha maziwa. Msidhani nilichanganyikiwa. Nilijua vizuri kwamba wanamzungumzia yule wa kitabuni. Nilikuwa nimesaidia kumtundika ukutani kwa mikono yangu. Lakini jina ni jina. Jino lilikuwa moja, yakang'oka mawili. Sasa tulikuwa akina Kathure watatu, na mmoja anakwenda kuzama, na baba yangu mzazi anaomba chumvi. Nyumbani kwetu vitabu vilikuwa Biblia, kitabu cha nyimbo na vya shule, na katika vyote hivyo sikuwahi kuona neno likirudishwa. Mama mwenyewe alikuwa ameniambia, "Kwenye kaki mtu anaweza kubandua. Kikishachapwa ndiyo basi." Maziwa hayo sikuyanywa.

Cucu akaanza kukohoa. Mwanzoni tulisema ni baridi, ule msimu ukungu ulikuwa haupandi mpaka saa tano. Kisha akashindwa kulala chini, akawa analala ameketi. Baba akamtafutia gari, akapelekwa hospitali Nkubu, na jioni Baba aliporudi tulimzunguka uani.

"Daktari anasema nini?" Mama akauliza.

"Anasema kifua kimejaa maji."

Maji! Niliusikia mto. Sisemi niliuwazia, nasema niliusikia, ukiguruma masikioni, na nikaenda nyuma ya zizi nikavuta pumzi na kuitoa, kuvuta na kuitoa, nikisikiliza kama kwangu nako yameanza. Sikumwambia mtu. Nani angeniambia mimi ni mwongo? Wao ndio walionifundisha.

Mama aliiandika sura hiyo juma hilo hilo. Leo nikiwa mtu mzima naelewa alivyoiandika. Alikuwa na hofu, na mwandishi mwenye hofu hana pa kuipeleka ila pale. Wakati huo nilichokiona ni karatasi mpya za kaki zikipanda ukutani, mama yangu akiziandika na machozi yakimtoka, na hazibandui.

Tata Karimi akaja kibandani. Alitoka hospitali kwa miguu, ni pale tu, akasema amechoka na anataka gauni lake lijaribiwe ili akili itulie. Mama akamvisha gauni ambalo halijaisha, mkono mmoja umeshikizwa kwa pini, pindo lote pini. Halafu akatoka kwenda kuazima pasi ya jirani. Tata akabaki amesimama, mikono kaining'iniza mbali na mwili asidungwe, na mtu akisimama hivyo macho hutafuta kazi. Yakaenda ukutani. Nilimwona akisoma. Midomo yake ilikuwa inatembea, polepole, halafu ikasimama.

Mama aliporudi na pasi mkononi alimkuta Tata amekwisha kubandua ile karatasi.

"Hii ni nini?"

"Ni hadithi, Tata."

"Nimeuliza hii ni nini! 'Maji yakamfunika Kathure.' Kathure gani? Mama yangu amelala pale, daktari anasema kifua kimejaa maji, tunashinda tukijiuliza haya maji yametoka wapi. Kumbe yanatoka hapa! Kumbe kuna mtu anakaa hapa na kalamu anamzamisha!"

"Ni kitabu. Mhariri ndiye aliyesema…"

"Mhariri ana mama? Na mimi niliyekuwa mgongoni umenipeleka wapi? Umenizamisha na mimi?"

"Wewe umevuka," Mama akasema, kwa sauti ndogo sana. "Amekutupia mtu wa ng'ambo, amekudaka."

"Asante sana!" Tata akatoka hivyo hivyo na gauni la pini, akakata soko katikati, kila hatua anadungwa na kila akidungwa anaongeza sauti. Wauza viazi wakasimama kuangalia. Mpaka jua linatua Nkubu nzima ilikuwa na habari kwamba mke wa ndugu yake, yule Mwembu, ameandika kifo cha mama mkwe.

Kikao kikakaliwa Jumapili baada ya kanisa, sebuleni kwetu. Alikuwapo Tata Karimi, Baba, ndugu yake mdogo na mkewe Kagendo, na Mama kwenye stuli karibu na mlango kama mtu aliyekuja kuomba kazi. Zile karatasi zilikuwa mezani chini ya thermosi. Kesho yake ndiyo Jumatatu ya kamati. Basi la alfajiri ama lingeondoka na sura ile ama lisiondoke nayo. Tata alitaka zichomwe, pale pale, jikoni moto upo.

"Hatuchomi kitu," Baba akasema.

"Basi utachimba kaburi."

"Karimi."

"Nimesema uongo? Nani hapa anaweza kuniambia nimesema uongo?"

Hakuna aliyemwambia, na hapo ndipo niliogopa kweli. Wakubwa wote wale, na mmoja wao mzee wa kanisa, na hakuna aliyecheka. Mama akainua kichwa. "Nitabadilisha jina," akasema. "Jina tu. Nimwite Kagendo."

Mke wa baba mdogo akaweka kikombe chini. "Kagendo ni mimi."

"Pole. Makena, basi."

"Makena ni mama yake," baba mdogo akasema, akimwonyesha mkewe kwa kidevu.

"Kawira?"

"Kawira mjukuu wangu ana miezi tu, hata kukaa hajui!" Tata akaruka. "Thubutu!"

Mama akataja jingine, na jingine. Kila jina lilipotoka mdomoni mwake lilikuta mtu: shangazi, jirani, mtoto wa kunyonya, mama wa kanisa aliyetoka kutusalimia. Baba akasema, labda aweke jina la kizungu. Mama akamtazama. "Mwanamke wa zamani hizo, amejifunga shuka, anavuka Thuci, aitwe Jacqueline?" Baba mdogo akaponyokwa na kicheko, Tata akamtazama, kicheko kikarudi ndani. Kwetu hakuna jina linalozurura bila mwenyewe. Unaweza kukosa shamba, ng'ombe usiwe nao, lakini jina lako lina safu ya watu nyuma na safu inangoja mbele, na Mama alikuwa anatafuta mtu mmoja tu wa kumzamisha bila kumgusa yeyote. Hakumpata.

Mwishowe akasema, "Basi ni mimi. Azame Wawira. Hilo langu, nimekuja nalo kutoka Kibugu, hakuna wa hapa atakayeniuliza."

Tata Karimi akaketi vizuri. Wallahi alikuwa anakubali. Sikumngoja Baba aseme, nikajikuta katikati ya sebule.

"Hapana! Asife mtu! Asife mtu yeyote!"

Na nikayamwaga yote. Jino. Mguu. Maji ya kifuani, na jinsi ninavyohesabu pumzi nyuma ya zizi, na kwamba Cucu akizama na mimi nazama, na sasa Mama naye. Nililia kwa hasira, si kwa huzuni, nilitaka kuwapiga wote. Walinisikiliza wakiwa wamekodoa macho, kila mmoja akisikia utani wake ukimrudia kwa sauti ya mtoto. Mama akanivutia magotini kwake. Baba akasimama, akachukua koti.

"Jina lina mwenyewe," akasema. "Twende tukamuulize mwenyewe."

Mlangoni mwa wodi muuguzi alitukatalia. Watoto hawaingii. "Huyu si mtoto," Baba akamjibu, uso mkavu kabisa, "ni mama yangu." Muuguzi alikuwa mtu wa kwetu. Akanitazama, akaniuliza naitwa nani, nikamwambia, akasogea pembeni.

Cucu alikuwa ameegemezwa mito, mdogo kuliko nilivyomwacha. Tata akasimama miguuni pa kitanda, mikono kifuani. Hakuna aliyejua aanze vipi, kwa hivyo Mama akaanza kusoma tu. Alisoma kwa Kiswahili, na pale ambapo Cucu alikunja uso Baba alitia Kimeru. Wagonjwa wa vitanda vya jirani wakaacha kukohoa. Mama akafika ukingoni mwa mto, kwenye maji meusi.

"Hayakuwa meusi," Cucu akasema. "Yalikuwa mekundu. Ya udongo."

Mama, bila kufikiri, akatoa kalamu nyweleni akafuta akaandika mekundu. Nilimwona Tata akimtazama akifanya hivyo, na sijui aliwaza nini. Mama akaendelea, mpaka mtoto akarushwa ng'ambo akadakwa, mpaka maji yakamfunika Kathure. Akakunja karatasi.

Cucu akakohoa kwa muda mrefu, tukingoja. "Huyo mtu wa Nairobi aliyepiga simu ndiye aliyesema nizame?"

"Ndiyo, Mama. Nikikataa hakuna ubaya. Nitakataa."

"Hakukosea sana."

"Mama!" Tata akasema.

"Nyamaza, Karimi. Wewe ulikuwa mgongoni, uliona nini? Pale katikati miguu ilitoka chini, nikaachilia. Nilisema, mimi niende, huyu avuke. Sijawahi kuwaambia, kwa sababu mtu akishavuka watu hupiga vigelegele, hawaulizi." Akapumzika. Kisha akaniona. "Na ntagu wangu, mbona uso uko hivyo?"

Baba akamwambia. Alimwambia kwa Kimeru, kwa haraka, akitazama sakafu. Cucu akacheka mpaka muuguzi akachungulia, halafu kicheko kikaisha akanishika mkono, na mkono wake ulikuwa wa moto.

"Ati nikifa unakufa? Nani alikudanganya? Umelishika jambo kichwa chini, miguu juu. Wangetaka jina life na mimi, si wangengoja wanizike nalo? Hawakukupa jina tuende pamoja. Walikupa ili nikienda, mtu akiita Kathure, kuwe na wa kuitika."

Nilikuwa nalisikiliza neno hilo likiingia, na halikuingia lote siku hiyo. Cucu alikwisha kumgeukia Mama.

"Mwache azame. Lakini usimwache mtoni, hiyo ni tabia mbaya. Na yule mtoto uliyemvusha umemwacha ng'ambo analia tu? Si akue? Si azae? Na akizaa, atakuja nani?"

Mama akaandika amesimama, karatasi ameibandika kwenye ukuta wa wodi. Tata Karimi akaondoka bila kuaga mtu. Alfajiri Baba akaipeleka bahasha kwenye basi, na kamati ikasema ndiyo.

Msidhani mambo yakaisha hapo. Cucu alirudi nyumbani, akapanda maharagwe, akagombana na kuku. Kitabu nacho kilienda polepole, sikujua kwamba kitabu ni kitu cha polepole hivyo. Watu wa Nairobi waliandika, wakarudisha, wakauliza. Walileta mfano wa jalada wenye mnazi, Mama akapiga simu kuuliza mnazi umefikaje Thuci. Tata alikuja akaenda, na jina la kitabu halikutajwa mbele yake. Kila Cucu akipaliwa na chai, nilimwona Tata akimtazama Mama.

Na kitabu kikiwa mtamboni, asubuhi moja ya kawaida kabisa, Cucu alikaa uani kuota jua, na tulipompelekea uji hakuupokea.

Hakuwa na maji kifuani wala homa, alikuwa mzee tu. Lakini nani angemwambia Tata hivyo? Mazishini hakupokea mkono wa Mama, mbele ya watu wote. Mimi waliniweka mbele karibu na kaburi, kwa sababu ya jina, na nilipotupa udongo wangu nilifumba macho nikingoja. Wiki nzima nilingoja. Kila asubuhi niliamka, nikajigusa, nikashangaa. Kilichokuja hakikuwa kifo, kilikuwa kingine, na kwangu kilikuwa kibaya zaidi: Baba aliacha kuniita Mama. Hata Kathure hakuweza kulisema. Aliniita "wewe mtoto". Jioni akirudi na mikebe ya maziwa alipita mlangoni kimya, nami nilikuwa nimekaa pale pale, sauti ya kukwaruza tayari kooni.

Katoni ikaja kwa basi. Vitabu vya Mama, nakala za mwandishi. Baba aliiweka chini ya meza ya sebuleni na haikufunguliwa. Tuliikwepa kwa miguu tukila. Mama, aliyengoja kitu hicho miaka, alifagia akaizunguka. Siku moja nilimwona amepiga magoti ameweka kiganja juu yake, basi, kama mtu anayepima kama mtoto ana homa. Nilikuwa na hasira na Cucu. Aliniambia kutakuwa na wa kuitika, hakuniambia nitafanya nini kama hakuna anayeita.

Tata Karimi akaja Jumapili kabla ya kanisa. Alibisha. Hajawahi kubisha. Alikuwa amevaa lile gauni la pini, na ndipo nilipojua kwamba alilimalizia mwenyewe kwa mkono, vibaya. Akasimama katikati ya sebule.

"Kiko wapi?"

Mama akaonyesha chini ya meza. Tata akainama mwenyewe, akaivuta katoni, akanyoosha mkono bila kumtazama mtu. Mama akamwekea mkasi. Kamba ikakatika, vifuniko vikainuka, na harufu ikatoka, gundi na wino na karatasi mbichi, ikajaa nyumba nzima. Ni hiyo. Haijaniacha hadi leo.

Tata akachukua kimoja, akakigeuza, akaliangalia jalada, mto mwekundu. Akakisogeza mbali na macho, akashindwa, miwani hakuja nayo. Akanipa.

"Soma mwisho."

Nikasoma. Nilisoma jinsi yule mtoto wa ng'ambo alivyokua kwa watu, akaolewa, akashikwa na uchungu mvua ikinyesha, na mtoto wake akatoka, msichana, akalia. "Wanawake wakamzunguka, wakamwinua kwenye mwanga wa moto, wakamuuliza mama yake: Ni nani amekuja?"

Nikakishusha kitabu.

"Endelea," Baba akasema.

"Imeisha."

Baba akamtazama Mama. Mama alikuwa anaangalia mikono yake. Mvuke ulikuwa unatoka kwenye chai na hakuna aliyenyoosha mkono. Tata Karimi, yule aliyekuwa mgongoni, alikuwa ameshika ukingo wa meza, na midomo ilikuwa inamcheza kama siku ile kibandani.

"Kathure," akasema. Kwanza alikuwa akikijibu kitabu. Halafu akainua uso, machozi yanamteremka hana habari nayo, akanitazama mimi, akaita. "Kathure!"

Sikuikwaruza sauti. Ilitoka yangu tu.

"Niko."